Kuingia kwenye seva ya nyumbani ukiwa mbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye kompyuta ya Linux iliyokaa pembeni nyumbani, pengine bila kioo wala kibodi, na anataka kuiingia kutoka chumba cha pili au akiwa safarini. Amri nyingi ni za Debian, Ubuntu na jamaa zake. Fedora na Arch zinapotofautiana nimetaja. Kila penye neno «jina», weka jina lako la mtumiaji.

Nitumie nini: SSH, VNC, RDP au Telnet?

SSH, njia ya kuiandikia kompyuta ya mbali amri kupitia muunganisho uliosimbwa. Hata kama unachotaka hasa ni kuona dawati lenye picha na vitufe, anza na SSH kwanza, kisha hayo mengine uyapitishe ndani yake (nimeeleza mwishoni).

Telnet, njia ya zamani inayotumia poti 23 (poti ni namba ya mlango wa huduma kwenye mashine), hupeleka kila kitu wazi, nywila ikiwemo. Ndiyo iliyosababisha SSH izaliwe. Mwaka 1995 kuna mtu alinasa nywila za watu kwenye mtandao wa chuo kikuu kimoja cha Helsinki, na mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akaandika programu ya kuziba tundu hilo. Aliomba poti 22 kwa kuwa ilikuwa tupu katikati ya FTP (21) na Telnet (23). Toleo ambalo karibu sote tunalitumia leo, OpenSSH, lilitoka kwa watu wa OpenBSD mwaka 1999.

VNC (poti 5900) na RDP (poti 3389), zinazoonesha dawati la kompyuta ya mbali, ni sawa ndani ya nyumba. Usizifungue moja kwa moja kwa intaneti.

Naiwashaje?

`sudo apt install openssh-server`
`systemctl status ssh`

Fedora na Arch huduma hiyo huiita `sshd`, na huenda ukahitaji kuiwasha mwenyewe: `sudo systemctl enable --now sshd`.

Kabla hujakimbilia kompyuta nyingine, jaribu ukiwa umekaa mbele ya seva yenyewe:

`ssh jina@localhost`

Ikikubali, huduma iko hai. Sasa pata anwani yake kwa `hostname -I`, nenda kwenye kompyuta ya pili iliyo kwenye mtandao uleule wa nyumbani, andika `ssh jina@192.168.1.20` (au anwani yoyote uliyoiona). Ikikubali na hapo, ndipo ufikirie mambo ya nje. Mpangilio huu wa kutoka ndani kwenda nje, kwenye mashine, kisha nyumbani, kisha intaneti, ndio utakaokuokoa saa nyingi baadaye. Wengi wanaohangaika wameanzia nje.

Wenye Raspberry Pi: SSH huja imezimwa. Iwashe kwenye programu ya kuandalia kadi, au weka faili tupu liitwalo `ssh` kwenye sehemu ya kuwakia ya kadi. Na usitafute mtumiaji `pi`. Tangu Aprili 2022 haji tena na mfumo, unamtengeneza wa kwako.

Jambo dogo ambalo hurudi kusumbua: ruta inaweza kuipa seva anwani mpya siku yoyote. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uifungie seva anwani moja ya kudumu.

Mara ya kwanza inaniuliza kama naiamini alama fulani ndefu. Nijibu yes tu?

Wengi hujibu hivyo, na ndani ya nyumba yako mara nyingi hakuna ubaya. Lakini kulinganisha hakuchukui hata dakika. Kwenye seva andika:

`ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`

Herufi zinazoanza na `SHA256:` ziwe zilezile ulizooneshwa. Zikifanana, unaongea na seva yako na si mtu aliyejipenyeza katikati.

Kwa nini kila mtu anasisitiza funguo badala ya nywila?

Kwa sababu nywila hukisiwa, na kuna programu zisizolala zinazokisia mchana na usiku. Ufunguo haukisiki. Pia ufunguo wako wa siri hautoki kwenye kompyuta yako kamwe. Seva hupewa nusu ya wazi tu, ile yenye mkia wa `.pub`.

Kwenye kompyuta unayotumia (si kwenye seva!) andika:

`ssh-keygen -t ed25519`
`ssh-copy-id jina@192.168.1.20`

Itakapokuuliza neno la kuufungia ufunguo, liweke. Kompyuta ikiibwa, mwizi atakuta ufunguo uliofungwa. Kama una kompyuta mbili, tengeneza funguo mbili, moja kwa kila mashine, badala ya kunakili mmoja huku na huku. Siku moja ikipotea unafuta mstari mmoja kwenye `~/.ssh/authorized_keys` na maisha yanaendelea.

Nimeandika `PasswordAuthentication no`, nimewasha huduma upya, lakini bado nywila inakubaliwa. Inawezekanaje?

Hili limewapotezea watu usiku mzima, mimi nikiwemo. Unafungua `/etc/ssh/sshd_config`, unabadilisha mstari, unahifadhi, hakuna kinachobadilika. Unaanza kujiuliza kama umefungua faili la kompyuta nyingine.

Siri iko hapa: kwenye faili hilo thamani inayosomwa kwanza ndiyo inayoshinda, tofauti na programu nyingi ambazo ya mwisho hufuta ya kwanza. Na juu kabisa ya faili, kwenye Debian na Ubuntu, kuna mstari wa `Include` unaovuta kila faili la `.conf` lililomo ndani ya `/etc/ssh/sshd_config.d/`. Kwa hiyo chochote kilichoandikwa mle kinakutangulia. Kwenye mashine nyingi zilizosakinishwa Ubuntu ya seva utakuta humo `50-cloud-init.conf`, lenye mstari mmoja tu: `PasswordAuthentication yes`.

Usikisie. Iulize huduma yenyewe inaamini nini:

`sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication`

Jibu linalotoka hapo ndilo la kweli, hata faili liseme nini. Ukiona `yes`, tafuta linakotoka:

`grep -ri passwordauth /etc/ssh/`

Rekebisha, kisha kabla ya kuwasha upya pitisha `sudo sshd -t`. Ikikaa kimya, hakuna kosa la uandishi. Angalia na `KbdInteractiveAuthentication` pia. Ikiachwa `yes`, nywila inaweza kuingilia mlango huo wa pembeni.

Kisha acha dirisha ulilomo wazi, fungua la pili, jaribu kuingia upya. La kwanza usilifunge mpaka la pili likubali. Nitalirudia hili.

Ujumbe wa kosa unabadilikabadilika. Kila mmoja unamaanisha nini?

Fikiria unabisha hodi.

`Connection refused`: umefika mlangoni na umejibiwa, lakini jibu ni kwamba huduma hiyo haipo hapa. Mashine iko hai na mtandao unafika. Ama sshd haijawashwa, ama inasikiliza poti nyingine, ama ukuta wa moto (firewall, kichujio cha miunganisho) umepangwa kukataa kwa sauti. Kwenye seva, `sudo ss -tlnp` itakuonesha nani anasikiliza wapi.

`Connection timed out`: umebisha, umebisha, kimya. Hakuna hata wa kusema «ondoka». Hapa shuku ukuta wa moto unaotupa pakiti bila kujibu, ruta isiyopeleka poti, au anwani iliyobadilika.

`No route to host`: mara nyingi, ukiwa nyumbani, mashine imezimwa, waya umechomoka, au hiyo anwani haina mwenyewe. Baadhi ya kuta za moto, hasa za Fedora, hutoa jibu hilihili kwa poti isiyoruhusiwa, kwa hiyo usichomoe waya kabla ya kuangalia.

`Permission denied`: furahi kidogo. Mtandao, ruta, poti, ukuta wa moto, vyote vimekupitisha. Umeingia sebuleni, kilichobaki ni kuthibitisha wewe ni nani. Usiguse tena ruta!

Naona watu wakipata `Permission denied` kisha wanakwenda kubadilisha mipangilio ya ruta. Wanaharibu kilichokuwa kizima.

Nimenakili ufunguo vizuri, bado inasema `Permission denied (publickey)`.

Angalia jina la mtumiaji kwanza. Usipoliandika, SSH hutumia jina lako la mtumiaji la kwenye kompyuta unayotokea, ambalo huenda seva hailijui.

Kama jina ni sahihi, tazama ruhusa za folda. sshd haikubali kusoma `authorized_keys` ikiwa mtu mwingine anaweza kuandika humo, au hata kwenye folda yako ya nyumbani. Iliwahi kunitokea hivi: nilikuwa nimeweka programu ya kuhifadhi picha, ikawa inalalamika haiwezi kuandika kwenye folda yangu. Kwa uvivu nikapiga `chmod 777` kwenye folda nzima ya nyumbani. Picha zikaingia, nikafurahi. Siku mbili baadaye ufunguo ukakataliwa, nami sikuunganisha mambo hayo mawili hata kidogo. Nikatengeneza ufunguo mpya, ukakataliwa, nikatengeneza wa tatu. Jibu lilikuwa limekaa kwenye logi (kumbukumbu za matukio ya seva) muda wote, mstari mmoja:

`Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/jina`

Kwa hiyo kabla ya kutengeneza ufunguo wa pili, soma logi ya seva: `sudo journalctl -u ssh -n 30`. Upande wa mteja hauelezwi sababu, kwa makusudi, ili mgeni mbaya asifundishwe. Seva ndiyo inayoijua. Dawa:

`chmod 755 ~`
`chmod 700 ~/.ssh`
`chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys`

Na mafaili yote hayo yawe ya kwako, si ya root (mtumiaji mkuu wa mfumo). Ukiyatengeneza kwa `sudo`, yanakuwa ya root.

Ukiona `Too many authentication failures`, una funguo nyingi na kompyuta inazijaribu zote kwa zamu mpaka seva inachoka. Kikomo cha kawaida ni majaribio 6. Kwenye `~/.ssh/config` ya kompyuta yako, chini ya jina la seva hiyo, andika `IdentitiesOnly yes` pamoja na `IdentityFile` ya ufunguo unaohusika.

Limetokea onyo kubwa la herufi kubwa: REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED.

Umesakinisha mfumo upya, au anwani ile imehamia kwenye kifaa kingine? Basi ni kawaida. Futa kumbukumbu ya zamani kwa `ssh-keygen -R 192.168.1.20`, uingie tena huku ukilinganisha alama. Kama hakuna ulichobadilisha, usiandike nywila yoyote hadi ujue kilichotokea.

Nikiwa nyumbani inakubali vizuri, nikitoka inagoma. Kwa nini?

Kwa sababu 192.168.1.20 ni anwani ya ndani. Anwani zinazoanza na 192.168, na 10, na zile za 172.16 hadi 172.31, zimetengwa kwa mitandao ya ndani, na mamilioni ya nyumba zinazitumia kwa wakati mmoja. Ukiwa nje unahitaji anwani ya nje ya ruta, na ruta iambiwe kwamba anayebisha poti fulani apelekwe kwa seva. Mpangilio huo kwenye ruta nyingi huitwa Port Forwarding au Virtual Server.

Ukishaupanga, usiujaribu ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Ruta nyingi haziwezi kugeuza safari inayotoka ndani kwenda nje kisha kurudi ndani, hivyo utaona imekwama kumbe ni nzima. Zima Wi-Fi ya simu, tumia data, jaribu kutoka hapo.

Bado kimya? Linganisha anwani mbili: ile ambayo ruta inajiandikia upande wa intaneti, kwenye ukurasa wake wa hali, na ile ambayo tovuti za kuonesha anwani yako zinakutajia. Zikitofautiana, na hasa ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya CGNAT. Maana yake kampuni ya intaneti imewapa wateja wengi anwani moja ya nje, na hakuna kitufe kwenye ruta yako kitakachosaidia. Acha kukipapasa.

Niko nyuma ya CGNAT. Nifanyeje?

Njia ni kadhaa. Unaweza kuiomba kampuni anwani yako mwenyewe. Baadhi hutoa kwa malipo ya ziada. Unaweza kutumia IPv6 (aina mpya ya anwani za intaneti) ikiwa pande zote mbili zinayo, ila kumbuka ukuta wa moto wa ruta nao lazima uruhusu. Ukiwa na seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya wazi, seva ya nyumbani inaweza kuipigia na kuacha njia ya kurudia:

`ssh -N -R 2222:localhost:22 jina@seva-ya-kukodi`

Kisha ukiwa ndani ya ile ya kukodi, `ssh -p 2222 jina@localhost` inakufikisha nyumbani.

Au weka mtandao binafsi (VPN). WireGuard imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo 5.6 la mwaka 2020, ni nyepesi na haina maneno mengi, ila inahitaji angalau upande mmoja ufikike. Tailscale imejengwa juu ya WireGuard na inajitafutia njia yenyewe hata CGNAT ikiwa pande zote mbili. Gharama yake ni kwamba unategemea huduma ya kampuni ya kati kuwakutanisha. Kwa maoni yangu, hata asiye na CGNAT angefikiria mtandao binafsi kabla ya kufungua poti 22 kwa dunia nzima.

Nikibadilisha poti kutoka 22, nakuwa salama zaidi?

Unapata utulivu zaidi kwenye logi, kwa sababu roboti nyingi hubisha 22 tu. Usalama si huo. Anayekutafuta wewe ataikagua kila poti.

Ukiamua kubadilisha, Ubuntu za karibuni zina mtego: tangu 22.10 anayesikiliza poti ni systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo), si sshd moja kwa moja. Kwenye 24.04, ukishahariri `Port`, pitisha `sudo systemctl daemon-reload` kisha `sudo systemctl restart ssh.socket`. Kuwasha `ssh` pekee hakutoshi. Fedora nayo ina SELinux, mlinzi wa ziada wa ruhusa, ambayo hupaswa kuambiwa: `sudo semanage port -a -t ssh_port_t -p tcp 2222`. Na ukuta wa moto uruhusu poti mpya kabla hujaiacha ya zamani.

Logi imejaa watu wanaojaribu kuingia kama root, admin, test. Nimevamiwa?

La. Hiyo ni mvua ya kawaida kwa kila mashine iliyo wazi. Mistari ya `Failed password` na `Invalid user` ni ya waliokataliwa. Unayotakiwa kuikagua ni ya waliokubaliwa:

`sudo journalctl -u ssh | grep Accepted`

Kila mstari hapo unapaswa kuwa wako. Ukiwa umezima nywila na kuweka `PermitRootLogin no`, kelele nyingine ni kelele tu. fail2ban hufungia anwani sumbufu kwa muda. Si lazima, lakini hupunguza vurugu. Kilicho cha lazima ni masasisho. Julai 2024 lilitangazwa tundu ndani ya OpenSSH yenyewe, CVE-2024-6387, ambalo halikujali kama unatumia nywila au ufunguo. Aliyekuwa na masasisho ya kujiendesha yenyewe alilirekebisha bila hata kujua.

Nimewasha ukuta wa moto, sasa siwezi kuingia.

Pole. Tafuta kioo na kibodi, chomeka kwenye seva, kisha `sudo ufw allow OpenSSH` (ufw ni amri ya kupanga ukuta wa moto). Njia nyingine hakuna, kama hukuacha mlango wa pili.

Mimi nilikwama hivyo nikiwa mbali. Niliandika `sudo ufw enable`, ikaniuliza kama naelewa kwamba inaweza kukata miunganisho ya SSH, nikabonyeza `y` kwa haraka. Dirisha halikukatika. Nikaendelea kuandika amri, zikajibu, nikaamini mambo ni shwari, nikafunga na kulala. Asubuhi: `Connection timed out`. Ukuta ulikuwa umeuacha muunganisho uliokuwepo uendelee na kukataa wote wapya. Ndiyo maana nasisitiza dirisha la pili: lile ulilomo tayari halithibitishi kitu.

Kabla ya kugusa ukuta wa moto ukiwa mbali, jitegee kamba ya kurudia:

`sudo systemd-run --on-active=10min /usr/sbin/ufw disable`

Ukiteleza, subiri dakika 10 ukuta uanguke wenyewe. Ukifaulu, simamisha kipima muda hicho kwa `sudo systemctl stop` na jina lake, ambalo amri ilikuandikia ilipoanza.

Nikiacha dirisha kidogo, linaganda.

Ruta husahau miunganisho iliyokaa kimya. Kwenye `~/.ssh/config` weka `ServerAliveInterval 60`, kompyuta yako itakuwa inasalimia kila dakika. Kwa dirisha ambalo tayari limeganda, bonyeza Enter, kisha `~` na nukta, litafungika. Kazi ndefu zifanyie ndani ya `tmux`, ili mtandao ukikatika zenyewe ziendelee.

Kama seva ni kompyuta mpakato ya zamani na inapotea kila ukiifunga kifuniko, inalala. Weka `HandleLidSwitch=ignore` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`, kisha uiwashe upya.

Kuingia kunachukua sekunde nyingi kabla ya kuniuliza chochote.

`ssh -v` itaonesha inakwama wapi. Ikikaa kwenye mistari ya GSSAPI (njia nyingine ya kuthibitisha mtumiaji), zima kwa `GSSAPIAuthentication no`. Vinginevyo hakikisha `UseDNS` kwenye seva ni `no`.

Nataka kuona dawati lenyewe.

Washa VNC kwenye seva ikiwa inasikiliza `localhost` peke yake, tuseme kwenye poti 5901. Kisha kwenye kompyuta yako:

`ssh -L 5901:localhost:5901 jina@anwani-ya-seva`

Acha dirisha hilo wazi, fungua programu yako ya VNC, na badala ya anwani ya seva iandikie `localhost:5901`. Ikisema imekataliwa, angalia kama VNC inaendelea kufanya kazi kwenye seva. SSH ikiwa imekuingiza, yenyewe haina kosa.